Kabla hujampaka samaki unga, muulize maswali matatu

Leo nataka tuzungumze kuhusu samaki wa kukaanga, na hasa kuhusu kile tunachompaka kabla hajaingia karaini: unga mkavu, chenga za mkate au rojo.

Mada hii nimeichagua kwa sababu maswali juu yake hunijia kila mara, na mengi yanafanana. Mwanafunzi wa chuo anayejipikia chumbani huuliza mbona unga wote hubaki kwenye mafuta na samaki wake hutoka uchi. Mama wa Nairobi husema wake hushika vizuri, lakini baba watoto akichelewa nusu saa tu, samaki huwa amelainika kama andazi la jana. Wengine huuliza kwa ufupi: unga gani ndio bora?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hakuna unga ulio bora kuliko wote. Kuna unga unaomfaa samaki fulani, atakayeliwa wakati fulani. Na kuna samaki ambaye hakuna unga wowote unaomfaa, kwa maana hafai kuliwa. Huyo nitamweleza bila kuficha, ingawa ndani yake mna aibu yangu mwenyewe.

Shule ya mama karanga

Haya ninayokueleza sikuyasoma darasani. Niliyapata Malindi kwa shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mama karanga. Kwa wale ambao hawajatembea pwani, mama karanga ni yule mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi ufuoni, akawapaa magamba, akawakaanga na kuwauza kando ya njia jioni. Ukitoka Ngomeni ukashuka Malindi, Mayungu na Watamu, hadi Kilifi na Takaungu, hutamkosa. Samaki wakubwa kama nguru na jodari aghalabu huchukuliwa na matajiri wenye magari na barafu, wakapelekwa mahotelini au mijini. Wadogo na wa kadiri ndio wanaobaki kwa mama karanga, na hao ndio wanaolisha nyumba nyingi za wenyeji.

Usidhani anawakaanga kwa ajili ya utamu pekee. Wengi wa kina mama hawa hawana friji. Samaki mbichi kwenye joto la pwani hawezi kungoja, lakini aliyekaangwa akakauka vizuri anaweza kufika jioni akiwa salama. Kwa hivyo karai ndilo friji lake. Akikosea katika unga au mafuta, wateja humhama, na karo ya mtoto wake huenda nao.

Shangazi alikuwa akifika ufuoni mapema, beseni mkononi. Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi hivi, bahari hutulia, mashua hutoka nje ya miamba na samaki huwa tele. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo huwa mkali, mitumbwi midogo hushindwa kwenda mbali, na samaki huwa haba na ghali. Nilipomwuliza kwa mara ya kwanza yeye hutumia unga gani, alicheka.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona waanza na unga? Muulize samaki kwanza."

Alikuwa na maswali matatu. Nami nimeyafuata tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja.

Swali la kwanza: umetoka majini lini?

Samaki wa leo ana macho maangavu yaliyotokeza, si yaliyozama na kufanya ukungu. Matamvua yaliyo ndani ya mashavu yake ni mekundu, si ya rangi ya udongo. Ukimbonyeza kwa kidole, nyama hurudi mahali pake. Ikibaki na shimo, mwache. Harufu yake ni ya bahari. Akinuka "samaki" kutoka hatua tatu, ujue siku zake zimepita.

Samaki mbichi wa namna hii hahitaji vazi zito. Chumvi, ndimu, na vumbi jembamba la unga vinamtosha. Shangazi alikuwa akisema kwamba ukimzika samaki wa leo ndani ya rojo, umewanyima watu utamu walioulipia.

Rojo zito lina kazi yake, na tutafika huko. Lakini wewe mnunuzi, ujue kwamba linaweza kuficha mambo mawili. La kwanza ni udogo: kipande chembamba kikivikwa unga mara mbili huonekana kikubwa, nawe ukalipa bei ya samaki kwa kununua ngano. La pili ni ubovu, nalo ndilo la hatari.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Mwaka nilioanza kazi Mombasa niliwaalika watu wa nyumbani kwa chakula cha jioni. Nilinunua vipande vya jodari asubuhi, wakiwa wazuri kabisa, kisha nikazunguka nao madukani ndani ya mfuko, juani, hadi saa tisa alasiri. Nilipoufungua mfuko nilisikia harufu kidogo. Pesa zilikuwa zimekwisha na wageni walikuwa njiani. Basi nikamkamulia ndimu tatu, nikamsugua saumu, nikamtumbukiza katika rojo zito la unga wa dengu lenye manjano na pilipili. Alitoka karaini akipendeza kama picha. Walimla, wakamsifu.

Kabla sahani hazijaondolewa, mpwa wangu wa miaka sita alianza kujikuna. Uso ulimvimba, vipele vikamtoka shingoni, akalia kichwa, akatapika. Mama yake naye alisema midomo inamwasha. Tulikimbilia hospitali. Baada ya kumtazama mtoto, daktari aliuliza, "Mmekula samaki gani?"

Sikiliza kwa makini jambo hili, msomaji, hata kama utayasahau mengine yote. Samaki kama jodari, nguru na vibua wana kitu kiitwacho histidini kwa wingi katika nyama yao. Wakikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini, nayo hiyo ndiyo humdhuru mlaji. Ikishaingia katika nyama, moto hauiondoi. Hutaiua kwa kukaanga wala kuchemsha, na ukimrudisha samaki kwenye barafu baadaye utakuwa umechelewa. Isitoshe, wakati mwingine samaki huyo hanuki kabisa. Dalili huanza baada ya dakika chache hadi saa chache: ulimi kuwasha kama umelamba pilipili, uso kuwaka, vipele, kichwa kuuma, kutapika au kuharisha. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja, lakini mtu akianza kupumua kwa shida, usingoje; mpeleke hospitali mara moja.

Mtoto wetu alipewa dawa, akalala vizuri usiku ule. Lakini dada yangu aliponiuliza kama samaki alikuwa mzima, nilijibu ndiyo. Nilikaa na uongo huo miezi kadhaa, hadi nilipokwenda Malindi na kumweleza Shangazi. Hakuacha kupaa samaki wake. Alisema tu, "Mimi mtaji wangu ni beseni moja. Samaki akiharibika namtupa, na siku hiyo nalala na hasara yangu. Nikimkaanga nikamwuza, kesho sina mteja, na keshokutwa sina jirani. Wewe una mshahara, mwanangu. Ulishindwa vipi kumtupa?"

Wiki iliyofuata nilimwambia dada yangu ukweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hadi leo hula samaki wangu, lakini kwanza huja jikoni akamnusa, nami simzuii.

Kwa hivyo wewe uliye mjini, samaki mnunue mwisho, baada ya sabuni na sukari, kisha nenda nyumbani moja kwa moja. Samaki wa Malindi aliyefika Nairobi ni lazima awe amelala kwenye barafu tangu ufuoni, kwa hivyo angalia kama barafu ipo kweli au ni maji tu. Ndani ya friji joto lisizidi digrii 4. Aliyegandishwa mwache ayeyuke ndani ya friji, si dirishani. Ukiwa na shaka, mtupe. Hali kadhalika, usikubali kununua bunju, yule samaki anayejijaza maji akafura kama mpira. Sumu yake haiondoki kwa moto, na imewaua watu.

Swali la pili: nyama yako ikoje?

Kwanza tuelewane kwa nini tunapaka unga. Samaki amejaa maji. Maji yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla, mafuta yakaruka na nyama ikang'ang'ania karai. Unga hunywa yale maji ya juu, ukawa ngozi ya pili. Ngozi hiyo hukauka na kuwa ya rangi ya dhahabu, na ndani yake nyama huiva polepole kwa mvuke wake yenyewe.

Sasa umeona kosa la yule mwanafunzi. Yeye humpaka unga samaki aliyelowa. Unga ukikutana na maji mengi huwa uji, na uji hauna pa kushika. Ukiingia kwenye mafuta huteleza ukaenda zake. Baada ya kumtoa samaki kwenye ndimu na viungo, mpanguse kwa kitambaa safi hadi akauke. Pangusa pia saumu na tangawizi zilizobaki juu, kwa maana huungua haraka zikatia uchungu. Kisha mpake unga, mkung'ute, umwache juu ya sahani kwa dakika 5 hadi 10 ili unga ushike.

Samaki wadogo wazima, kama tafi, vibua na changu wa kadiri, wana ngozi yao nzuri. Hawa wape vumbi tu la unga. Wachanje mistari miwili au mitatu kila upande ili chumvi iingie na moto ufike kwenye mfupa. Ukimpaa tafi uwe mwangalifu, kwa sababu miiba ya mapezi yake ina sumu iumayo sana. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua. Joto hudhoofisha sumu hiyo.

Vipande vya nyama ngumu, kama nguru na kolekole, hupenda unga mkavu ulio mzito kidogo, wa ngano na mchele ukichanganywa nusu kwa nusu. Mnofu mlaini mweupe usio na ngozi, kama wa chewa, huvunjika upesi karaini. Huyo ndiye anayehitaji vazi kamili: unga, yai, kisha chenga za mkate.

Kamba na ngisi wana sheria yao. Maji ya Malindi, pale mto Sabaki unapoingia baharini, yanajulikana kwa kamba. Hawa huiva haraka mno. Ngisi akizidi dakika mbili hivi kwenye mafuta huanza kuwa mgumu kama raba ya kufutia. Waitaliano, ambao wamekuwa na makao Malindi tangu miaka ya 1960, hukata ngisi pete pete, wakazigaragaza katika unga mkavu, wakakung'uta na kukaanga upesi, basi. Ukitaka rojo, liwe jepesi.

Na rojo si jambo geni kwetu. Nani wa pwani asiyejua viazi karai, viazi vilivyochemshwa vikachovywa katika rojo la manjano na kukaangwa? Bhajia nazo zilitujia na ndugu zetu wa asili ya Kihindi. Hata Wajapani, wanaosifika kwa samaki na kamba wa rojo jepesi waitwao tempura, yasemekana waliupata ufundi huo kwa Wareno, waliofika kwao mwaka 1543. Wareno hao hao walikuwa wametia nanga Malindi mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, na nguzo yao ingali pale ufuoni.

Swali la tatu: utaliwa saa ngapi?

Hili ndilo swali ambalo wapishi wengi wa mjini hawaliulizi, na ndilo linalomsumbua yule mama ambaye mumewe huchelewa. Kila unga una saa zake.

Unga wa ngano hushika vizuri na rangi yake hupendeza, lakini hunywa unyevu unaotoka ndani ya samaki na kulainika mapema. Unafaa ikiwa walaji wameketi tayari, mikono imenawishwa.

Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hivyo hukauka zaidi na kubaki mkavu kwa muda mrefu. Ukiwa peke yake huanguka kwa urahisi, ndiyo sababu tunauchanganya na ngano. Huo ndio unga wa samaki wa kubebwa safarini au kumngoja aliyechelewa.

Unga wa mahindi, yaani unga wa sima, hutoa ngozi yenye kukwaruza, tamu sana kwa samaki wadogo. Tumia ule laini, na uchekeche kwanza. Mwanafunzi, huu ndio wako, kwa sababu hukosi kuwa nao kabatini.

Unga wa muhogo, ambao Kilifi hauna shida kupatikana, hutoa ngozi nyembamba iliyo kavu. Changanya sehemu moja ya muhogo na mbili za ngano.

Unga wa dengu ni wa rojo. Una ladha yake kali, kwa hivyo mpe samaki mwenye nyama nene au ngisi, usimpe tafi.

Chenga za mkate hunywa mafuta mengi kuliko unga mkavu, lakini hukaa vizuri na watoto huzipenda.

Na ikiwa samaki atamalizikia kwenye mchuzi wa nazi, usimpake kitu. Unga utaachana naye ndani ya sufuria, na tui lako litakuwa uji. Mkaange mtupu kwa moto mkali, upande huu na ule, ndipo umtie katika nazi.

Sasa tuingie jikoni

Samaki wa unga mkavu, wa watu wanne:

Tafi au changu wa kadiri 4, waliopaliwa na kuoshwa
Ndimu 2
Saumu punje 4 na tangawizi kipande cha kidole, vitwangwe pamoja
Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai
Unga wa ngano nusu kikombe
Unga wa mchele nusu kikombe
Manjano na pilipili manga, nusu kijiko cha chai kila kimoja
Mafuta ya kukaangia

Wachanje samaki, wapake chumvi, saumu, tangawizi na maji ya ndimu moja. Waache dakika 15, si zaidi, kwa maana ndimu ikikaa mno hulainisha nyama ikaanza kumomonyoka. Wapanguse wakauke. Changanya unga na viungo vikavu kwenye sinia, wagaragaze samaki, wakung'ute, waache kidogo. Chemsha mafuta hadi yawe tayari, kaanga upande mmoja dakika 4 hadi 5 bila kumgusagusa samaki, ndipo umgeuze. Ndimu ya pili ikamuliwe mezani.

Chenga za mkate usinunue. Chukua mkate wa boflo wa juzi, ukate slesi, uzianike juani chini ya kitambaa chembamba, au uzikaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo hadi zivunjike kama biskuti. Zitwange kinuni au uziponde kwa chupa, uchekeche. Zihifadhi kwenye kopo linalofunga. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hivyo zikilainika zipashe tena moto kabla ya kuzitumia. Zikianza kufanya ukungu, zitupe.

Kwa nusu kilo ya mnofu wa chewa, panga sahani tatu: ya kwanza unga wa ngano wenye chumvi kidogo, ya pili mayai 2 yaliyopigwa, ya tatu kikombe kimoja cha chenga. Tumia mkono mmoja kwa vikavu na mwingine kwa yai, la sivyo vidole ndivyo vitakavyovikwa chenga. Bonyeza chenga zishike, pumzisha vipande dakika 10 ndani ya friji ikiwa unayo, kisha kaanga dakika 2 hadi 3 kila upande. Unga na mayai yaliyobaki baada ya kugusa samaki mbichi yasirudishwe kabatini. Yachanganye, uyakaange papo hapo, ama uyatupe.

Rojo la kamba ni nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu ya unga wa mchele, chumvi, na maji baridi sana, kiasi cha kikombe kimoja au kasoro kidogo. Likoroge kwa haraka na uache hata kama lina vidonge vidonge, kwa kuwa ukilipiga sana mnato wa ngano huamka na rojo huwa kama mpira. Liwe jepesi kama maziwa mazito. Wapanguse kamba, wape vumbi la unga kwanza, wachovye, wakaange kwa dakika 2 au 3.

Mafuta na usalama

Unga mzuri huharibiwa na mafuta mabaya. Joto linalofaa ni digrii 175 hadi 185 hivi. Kwa kuwa wengi hatuna kipima joto, dondosha kijipande cha mkate: kikizama na kukaa, mafuta ni baridi bado, na samaki atayanywa, kikipanda juu na kuchemka kwa furaha, ni tayari, kikiungua mara moja, punguza moto. Usiwajaze samaki karaini, kwa maana mafuta hupoa na unga hulowa. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu au kufuka moshi mapema, yamwage.

Mafuta yasizidi nusu ya karai. Yakishika moto usimwage maji asilani. Zima jiko, funika kwa kifuniko kikavu, uache yapoe. Nawasihi hasa wanafunzi mnaopikia kwenye vyumba vidogo, pazia likining'inia karibu na jiko.

Na samaki akiiva, usimlaze juu ya mwenzake ndani ya bakuli. Mvuke wake utaulainisha ule unga uliouhangaikia. Shangazi alikuwa akiwasimamisha kwenye ungo, kichwa chini na mkia juu, hewa ipite. Nawe tumia ungo au waya wa kuchujia.

Mpakulie na sima na mchunga, au wali wa nazi na kachumbari. Ukiwa na ukwaju na pilipili, hutakosa kitu.

Shangazi amezeeka sasa na beseni amemwachia binti yake. Mara ya mwisho nilipomtembelea ulikuwa msimu wa kusi. Binti alirudi ufuoni na samaki sita tu, na mmoja wao matamvua yake yalikuwa yameanza kugeuka rangi. Alimtazama mama yake, mama hakusema neno. Binti akamtenga yule mmoja, akawapaka unga watano.

Basi msomaji, leo ukienda sokoni, wanunue hao watano. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Chakula chema.